Kanyanga ya kuandikisha kwenye kaye

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki Uvira, Makobola ao Baraka mkingojea simu kutoka Misisi, leo tuongee juu ya kidonge ambacho hakijawahi kuwako.

Mwingereza mmoja, Aldous Huxley, alikiweka mwaka 1932 ndani ya kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakijua kwa Kifaransa, Le Meilleur des mondes. Kinaitwa soma. Wakubwa wa nchi ile hawana haja sana ya fimbo. Kazi ikiisha, wafanyakazi wanapanga mstari, kila mtu anapewa sehemu yake, anameza, hasira inapotea, kesho anarudi kazini mpole kama kondoo. Kijana mmoja, John, anatupa vidonge vile nje kwa dirisha ili awafungue watu. Wafanyakazi wenyewe ndio wanamrukia! Polisi wanafika, wanapuliza soma hewani, mpaka watu wanaanza kukumbatiana.

Sisi tunaona Huxley alikosea kitu kimoja. Aliwaza mkubwa ataigawa bure. Kwetu machimboni tunaikopa.

Mnajua namna inaendaga. PDG wa shimo anaanza kazi na makuta ya mnunuzi wa zahabu. Miezi inaweza kupita kabla hamjafika kwenye jiwe lenyewe. Ndani ya miezi ile kikosi kinakula, kinavaa boti, kinanunua torshi na dawa, na yote inaandikwa kwenye kaye. Fufu inaandikwa. Sigara inaandikwa. Jioni mkitoka chini na matope, mifupa inauma, kuna mtu ako na kanyanga, ao lutuku kama wengine wanavyoiita, na hakuombi franga. Anasema: kunywa tu, tutaandika. Siku zahabu inatoka, kaye inafunguliwa mbele ya mizani.

Tuseme kachupa ni 2 000 FC kwa anayelipa mkononi, na 3 000 kwa kaye. Mbili kwa siku, siku 26 za kazi: 156 000. Ungelipa mkononi ingekuwa 104 000. Ile 52 000 ya katikati haukuinywa hata tone. Ingelipa minerval ya mtoto wa secondaire.

Lakini hesabu ya franga ni ndogo kwa ile ingine. Mtu wa deni haulizi mizani. Mnunuzi akipima na vijiti vya kiberiti, anakubali. Mvua imenyesha, ukuta umelegea, anaambiwa shuka, anashuka. Akitaka kuhamia shimo lingine, anakumbushwa kaye. Na tumeona tena na tena: tarehe ya kikao cha sendika ikijulikana, usiku ule mtu analipia watu kreti za bia. Labda ni ukarimu. Asubuhi viti viko vitupu.

Hatukuanza sisi. Kwenye migodi ya zahabu ya Johannesburg, mwisho wa karne ya 19, wenye makampuni walifurahia pombe kali iliyotoka kiwanda cha Hatherley karibu na Pretoria. Mchimbaji wa Msumbiji aliyekunywa mshahara wake hakuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani, basi alibaki shimoni. Wakati walevi wa Jumatatu walizidi na kazi ikalala, makampuni yaleyale yakataka sheria ya kukataza, na ikaanza tarehe 1 Januari 1897. Mashamba ya mizabibu ya Cape yaliendelea kulipa sehemu ya mshahara kwa vikombe vya mvinyo miaka mingi.

Kwetu Wabelgiji walishika njia ingine. Wakati MGL inachimba Kamituga, pombe kali ilikuwa marufuku kwa mweusi. Mzungu alikunywa yake barazani. Kanyanga ikapikwa porini kwa kujificha. Wa Johannesburg alinyweshwa, wa Kamituga alikatazwa, na wote wawili hakuna aliyewauliza.

Mtuelewe vizuri: hatuna neno na mama anayepika kanyanga. Anasomesha watoto, na mara nyingi yeye naye anakopeshwa na yuleyule mwenye kaye. Hatutaki mtu avunje mapipa yake. Na hatuko wahubiri. Baada ya saa kumi chini ya ardhi, mtu anayetaka kunywa tunamuelewa.

Tunachoomba kwa mapedeje ni pombe itoke kwenye kaye. Chakula, boti, dawa, sawa, ziandikwe, na kila mchimbaji awe na kaye yake ndogo ya kulinganisha. Mama, siku bwana anapiga simu kwamba zahabu haijatoka, muulize pia kaye imefika wapi.

Kuna mashimo mawili ambako PDG amekubali. Watu bado wanakunywa, maana nani atawakataza? Wanalipa mkononi, na wanakunywa kidogo. Juma lililopita mmoja wao, kijana ambaye hasemagi kitu, alimwambia mnunuzi aweke vijiti vya kiberiti pembeni na alete mizani.