Kabla Hujachuchumaa: Kuipandisha Ketobeli Kifuani Bila Kuumia

Wengi wanaokuja kuniona wakiwa wameshika kiuno huniambia waliumia wakichuchumaa na ketobeli, kile chuma cha mazoezi chenye mpini. Nikiwaomba wanionyeshe walivyofanya, kosa hujitokeza kabla hata hawajachuchumaa. Chuma kipo mbele ya vidole vya miguu, magoti yamenyooka, mgongo umepinda, na mtu anainama kukichukua kama anayeokota peni iliyomdondoka.

Kuchuchumaa kwenyewe, kwa mwenye magoti mazima, ni jambo ambalo mwili unalijua tangu utotoni. Kinachohitaji kufundishwa ni safari ya chuma kutoka sakafuni hadi kifuani, na safari ya kurudi. Naomba uihesabu safari hiyo kuwa zoezi kamili, uipe umakini uleule unaoupa kuchuchumaa.

Kinachotokea kiunoni

Chukua ketobeli ya kilo 16. Ukiinama na kuishika ikiwa sentimita 50 mbele ya kiuno, misuli ya mgongo inayopaswa kukuinua iko sentimita tano au sita tu nyuma ya kitovu cha pingili za uti wa mgongo. Wenzo huo ni mfupi mno. Ili kuudhibiti mzigo, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu inayokaribia mara tisa ya uzito wa chuma, yaani zaidi ya kilo 140. Hapo hatujahesabu kichwa, mikono na kifua chako, ambavyo navyo vimeelemea mbele. Sogeza ketobeli ibaki sentimita 25 kutoka kiunoni, na mzigo unaotokana na chuma hicho unapungua kwa nusu. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni umbali.

Mgongo ukipinda, mambo huzidi kuharibika. Diski zilizo katikati ya pingili hubanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma, upande inakopita mishipa ya fahamu. Diski mbili za chini kabisa ndizo huathirika zaidi. Asubuhi unapaswa kujihadhari mara mbili: usiku diski hunyonya maji na kuvimba kidogo, kwa hiyo mtu aliyetoka kitandani huwa na mgongo mgumu usiopenda kukunjwa. Ukifanya mazoezi alfajiri, tembea kwanza, nyoosha viungo, uache angalau nusu saa ipite kabla ya kugusa chuma.

Chuma chepesi nacho kina mtego wake. Ketobeli ilitokea Urusi, ambako mizigo ilipimwa kwa pudi, sawa na kilo 16.38, na ndiyo maana hadi leo zinapatikana sana za kilo 8, 16, 24 na 32. Zile za ushindani hutengenezwa kwa umbo moja, kimo cha takriban sentimita 28, hata uzito ukitofautiana. Za chuma cha kawaida hupungua umbo kadiri zinavyopungua uzito, hivyo mpini wa kilo 8 huwa chini zaidi kuliko wa kilo 24. Anayeanza, ambaye nyonga zake bado hazijafunguka, ndiye anayelazimika kuinama zaidi. Dawa yake ni rahisi: weka ketobeli juu ya kiboksi imara au sahani mbili za vyuma, ili mpini ukufuate ulipo.

Kutoka sakafuni hadi kifuani

Vaa raba zenye soli bapa au simama pekupeku, ndara zivue. Futa jasho viganjani. Simama ketobeli ikiwa katikati ya nyayo zako, usawa wa vifundo vya miguu, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Hatua hii moja tayari imekuondolea sehemu kubwa ya ule umbali niliousema.

Sasa rudisha makalio nyuma, kama unataka kugusa ukuta ulio nyuma yako. Magoti yatakunjika kidogo yenyewe. Mgongo ubaki umenyooka kuanzia kisogoni hadi kiunoni, macho yatazame sakafu hatua mbili mbele. Shika mpini kwa mikono miwili. Kabla ya kuinua, vuta pumzi hadi tumboni, kaza tumbo, na ubane mikono kwenye mbavu. Mkanda huu wa misuli ndio unaoukinga uti wa mgongo. Kisha sukuma sakafu kwa miguu, simama wima, mikono ikiwa imenyooka na chuma kikining'inia mbele ya mapaja. Tulia hapo na upumue. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi kwa muda mrefu. Aitoe taratibu anapoinuka, na azungumze na daktari wake kabla ya kuanza mazoezi haya.

Sehemu inayofuata ndiyo hasa inayowaponyoka watu. Usikipandishe chuma kwa kukunja viwiko, maana hapo kazi ya nyonga inabebeshwa kano ndogo za viwiko na vifundo vya mikono. Rudisha makalio nyuma kidogo, kisha simama kwa nguvu. Msukumo wa nyonga utairusha ketobeli juu, ikipita karibu na fulana yako. Inapofika usawa wa kitovu huwa nyepesi kwa muda mfupi sana, na ni wakati huo tu ambapo viganja huteleza kutoka juu ya mpini hadi pande zake mbili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Chuma kikae kimegusa kifua, viwiko vikitazama chini na kubanwa mbavuni, vifundo vya mikono vimenyooka. Kidevu kirudi nyuma kidogo ili mpini usikigonge. Jifunze kubadili mshiko kwa chuma chepesi kabisa mpaka mikono iizoee njia.

Ikiwa hatua hiyo inakutisha, iache. Iweke ketobeli juu ya benchi au meza imara, usogee mpaka mapaja yaiguse, uishike pande mbili za mpini, uikumbatie kifuani, usimame, kisha rudi nyuma hatua mbili. Wazee, waliojifungua karibuni na wote waliowahi kuumwa kiuno nawashauri waanze hivi, na hakuna aibu kuendelea hivi miaka yote. Faida ya kuchuchumaa haipungui.

Mtindo huu wa kukumbatia chuma kifuani ulienezwa na Dan John, kocha wa Marekani, na sababu ya kupendwa kwake ni ya kimaumbile. Uzito ulio mbele husawazisha makalio yanayokwenda nyuma, hivyo hata anayeanza huweza kushuka kiwiliwili kikiwa karibu wima, viwiko vikipita kwa ndani ya magoti. Chuma kikiachana na kifua, faida hiyo hupotea na kiuno huanza tena kulipa.

Kuiteremsha

Majeraha mengi ninayoyaona hutokea mwishoni mwa seti, mtu akishaona kazi imekwisha. Mapaja yanatetemeka, pumzi imekatika, naye anainama tu na kuiachia. Teremsha chuma kwa njia ileile kiliyopandia: kifuani hadi mapajani kikiwa karibu na mwili, tulia, kaza tumbo, rudisha makalio nyuma, kisha kiweke katikati ya nyayo. Kwa hiyo usichuchumae hadi nguvu ziishe kabisa. Bakisha nguvu za kuchuchumaa mara mbili nyingine. Hizo ndizo nauli ya kurudi sakafuni. Mgongo ukianza kupinda wakati wa kuinua, siku hiyo uzito umekuzidi, hata kama mapaja bado yanataka kazi.

Uchovu wa misuli ya mapaja na makalio siku mbili baada ya mazoezi ni wa kawaida. Maumivu yanayoteremka mguuni, ganzi au mguu kuishiwa nguvu si ya kawaida; acha mazoezi ukamwone mtaalamu. Ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia au kutoa haja, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ujuzi huu hauishii ukumbini. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20, zaidi ya ketobeli wanayoiogopa wengi, na hunyanyuliwa majumbani kila siku na watu ambao hawajawahi kufundishwa kunyanyua. Isogelee, rudisha makalio nyuma, kaza tumbo, inuka kwa miguu. Mfundishe mwanao hivyo, na mfundishe pia anayekusaidia kazi za nyumbani, kwa maana viuno vyao vinafanya kazi hiyo mara nyingi kuliko chako.