Majira ya Maua na Watu Wapigao Chafya

Mvua ya masika ikiisha kunyesha, ni nani asiyefurahi? Vumbi limelala, visima vimejaa, mahindi yamesimama shambani, na nyasi zimechanua pande zote mbili za njia. Lakini katika furaha hiyo wako wenzetu ambao huamka asubuhi wakipiga chafya mfululizo, pua zinatoka maji, na macho ni mekundu tena yawasha. Wengine huwacheka, wengine husema wana mafua yasiyokwisha, au wamerogwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi yafaa tuieleze habari hii, ili mwenye taabu hiyo asiyachukie majira mazuri bure, wala jirani zake wasimdhanie mabaya.

Kwanza tujue ya kwamba taabu hii haiambukizi, wala haikutumwa na mtu. Huitwa mzio. Mwili wa kila mtu una walinzi wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Walinzi hao wakikosea, hukiona kitu kisicho na madhara, kwa mfano unga wa maua, wakadhani ni adui. Ni kama mlinzi apigaye baragumu la vita kwa kumwona mgeni aliyekuja kununua kuku. Hapo mwili hutoa dawa yake iitwayo histamini, nayo ndiyo ivimbishayo pua, iletayo machozi na kuwasha. Aghalabu jambo hili hufuata ukoo: mzazi akiwa nalo, huenda na mtoto akawa nalo.

Katika nchi ya Uingereza watu walitaabika nalo muda mrefu kabla ya kujua asili yake. Mwaka 1819 daktari mmoja wa London, John Bostock, aliwaeleza madaktari wenziwe habari za maradhi yake mwenyewe, yaliyokuwa yakimrudia kila mwaka wakati wa joto tangu utoto wake. Watu wa kule wakayaita homa ya majani makavu, kwa sababu yalitokea wakati wa kukata majani ya kulishia wanyama. Lakini si homa, wala majani makavu siyo yaliyoyaleta. Kisha daktari wa Manchester, Charles Blackley, naye mgonjwa vile vile, alitia unga wa maua ya nyasi katika pua yake mwenyewe, akapatwa na taabu ile ile. Tena alirusha tiara zilizofungwa vioo vyenye kunata, akaona ya kuwa unga ule wasafiri hata juu sana angani. Mwaka 1873 alitoa kitabu cha habari hizo. Jina la mzio lenyewe, kwa lugha za Ulaya, lilitungwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu akianza kupiga chafya hulaumu ua zuri lililo karibu, akang'oa waridi na asmini uani. Aghalabu maua hayo hayana kosa. Ua lenye rangi na harufu huwaita nyuki na vipepeo, na unga wake, ndio chavua, ni mzito wenye kunata, hauruki mbali. Mkosaji ni ua lisilotazamwa na mtu, yaani la nyasi, kama ukoka. Nyasi hazina haja ya nyuki. Hutupa chavua yao katika upepo, nayo ni nyepesi mno, hata punje 30 hivi zikipangwa mstari mmoja ndipo zitimize milimita 1. Chavua ya mahindi ni kubwa zaidi, nayo huanguka karibu na shamba; kwa hiyo humsumbua hasa yule apitaye katikati ya mahindi yaliyochanua.

Wala si maua peke yake. Katika masika nyumba yenye unyevu hufanya kuvu, nayo hutoa vumbi lake. Katika magodoro na mito wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, nao hupenda unyevu. Hao husumbua hata wakati nyasi zimekauka. Kwa sababu hiyo yampasa mgonjwa kuwa na daftari, aandike siku ya kuanza chafya, mahali alipokuwa, na kilichokuwa kimechanua. Mwaka ukiisha, daftari litamwonyesha adui wake ni nani.

Akiisha kumjua, na afanye hivi. Nyasi za karibu na nyumba zikatwe kabla hazijachanua, na akataye awe mtu mwingine. Akienda shamba afunge kitambaa safi puani na mdomoni. Akirudi, aoge uso na nywele, abadili nguo. Asianike nguo wala shuka juu ya majani yaliyochanua. Macho asiyafikiche, bali ayaoshe kwa maji safi. Pua yaweza kusafishwa kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa chumvi kidogo. Magodoro yaanikwe juani, na madirisha yafunguliwe ili nyumba ikauke. Hospitalini ziko dawa za kuizuia histamini, lakini nyingine huleta usingizi. Basi mwenye kuendesha gari au mashine na aulize kwanza.

Tena tupambanue. Mafua huja pamoja na homa na maumivu ya mwili, nayo kwa kawaida hupungua katika siku 7 au 10. Mzio hauna homa, makamasi yake ni maji matupu, na hurudi kila mwaka katika majira yake. Lakini mtu akikohoa zaidi ya majuma 2, akikonda na kutoka jasho usiku, asiseme ni nyasi. Aende hospitali akapimwe kifua kikuu.

Liko na jambo la hatari. Watu wengi wenye mzio wa pua wana pumu pia. Mwezi wa Novemba 2016, katika mji wa Melbourne, Australia, tufani ya radi ilikuja wakati nyasi zimechanua. Chavua ikapasuka vipande vidogo vya kuingia ndani ya mapafu, na maelfu ya watu wakashindwa kupumua. Watu 10 walikufa. Kwa hiyo mtu ambaye kifua chake chalia kama filimbi, au ashindwaye kusema maneno machache bila kutweta, apelekwe hospitali mara moja, asingojee kuche.

Walimu nao, wamwonapo mtoto apigaye chafya kila mwaka majira yale yale, wasimwadhibu kwa kufanya kelele, wala wasimpe kazi ya kufyeka uwanja. Wampe kazi nyingine, wamwambie mzazi wake.

Basi masika hayana kosa. Harufu ya ardhi iliyonyeshewa, kijani cha mashamba na baridi ya kipupwe ni vya watu wote, na mwenye mzio ana fungu lake. Ajuaye saa ya adui wake hutembea njia yake kwa raha. Asubuhi umande ukikauka na upepo ukivuma, nyasi hutoa chavua yao. Basi akae ndani kidogo. Mvua ya utulivu ikiisha kuisafisha hewa, atoke nje pamoja na wenziwe, atazame nchi ilivyopendeza.