Chambo Kinachodharauliwa

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chambo, yaani kile chakula kidogo ambacho mvuvi hukitia katika ndoana ili kumvuta samaki. Huenda wengine wakasema kuwa jambo hili ni dogo mno, halistahili kupotezewa wakati. Lakini mtu avuaye kwa mshipi, riziki yake yote yategemea kipande kile kisichozidi kidole gumba.

Hapa Dar es Salaam wavuvi wengi husifu vyambo viwili, ngisi na kamba. Twakubali kuwa ni vyambo vyema. Ila ngisi na kamba ni kitoweo cha watu pia, na mvuvi hana budi kushindana na mpishi kwa bei. Hutoa fedha nyingi alfajiri kununua chambo, na jioni akirudi na changu watatu tu, faida yote imekwisha kuliwa na bahari. Na huku nyuma, pale Kariakoo, wauza kuku na wapaa samaki wametupa jaani vitu ambavyo vingemfaa bila gharama yo yote.

Wahenga walisema, "Rahisi huvunja upishi." Methali hii ni ya kweli jikoni, lakini si ya kweli chini ya maji. Samaki hajui bei. Yeye hutazamia mambo matatu: harufu ya chakula akijuacho, mwendo kama wa kiumbe hai, na umbo au mng'ao awezao kuuona. Tena si kila samaki ayatakaye yote matatu kwa kadiri moja. Mwenye kufahamu hayo aweza kuchagua chambo kwa akili, wala si kwa mazoea.

Tuanze na changu. Huyu hutembea karibu na chini, juu ya mchanga na majani ya bahari, akitafuta kaa na konokono, naye ana nguvu ya kuvunja magamba yao. Basi kaa mdogo, au nyama ya tondo, ndiyo chakula chake hasa. Tondo ni yule konokono mrefu, mweusi, akaaye katika matope ya mikoko. Nyama yake ni ngumu, haing'olewi upesi na samaki wadogo wadonoaji. Hata hivyo wengi huwakanyaga tondo njiani wakienda kununua ngisi. Twaomba tu wachukuliwe wachache, wadogo waachwe wakue, na mikoko isikatwe, maana ndiyo malezi ya samaki wengi.

Wa pili ni chewa. Yeye hujificha katika pango la mwamba na kuvizia. Windo likipita karibu, hufumbua kinywa chake kipana kwa ghafula, na maji humwingia pamoja na windo lile. Kwake yeye chambo kilicholala kimya hakina nguvu kubwa. Twaa kipande cha ngozi ya tumbo la samaki, ile nyeupe yenye kung'aa, ukikate kwa umbo la samaki mdogo, kichwa kipana na mkia mwembamba. Chomeka ndoana upande wa kichwa, mkia uache huru. Mkondo utakichezesha kama samaki aliyejeruhiwa, na chewa hapendi kumwacha aliyejeruhiwa apite.

Wa tatu ni wale wenye mbio, yaani kolekole, nguru na jodari. Hao huwinda kwa macho, na mara nyingi huvuliwa kwa kurambaza, ndiyo kuburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Hapa hata nyama haihitajiwi. Manyoya machache meupe ya jogoo, yakifungwa kwa uzi imara shingoni mwa ndoana, yakiburutwa majini hutetemeka kama dagaa anayekimbia. Hila hii si ngeni duniani. Mwandishi Aelianus wa zamani za Warumi, yapata mwaka 200, aliandika habari za wavuvi wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya katika ndoana zao. Na watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga chambo cha bandia kwa gamba la chaza liking'aa, nao wakavua jodari kwacho. Basi unyoya uliotupwa Kariakoo una ukoo mrefu.

Katika maji matamu, kama ya mto Ruvu, yuko kambale. Maji yake aghalabu ni ya tope, macho hayamfai sana. Hupapasa na kuonja kwa ndevu zake nane. Kwa hiyo yeye hufuata harufu. Matumbo ya kuku yamfaa sana. Yatie chumvi usiku mmoja yapate kukazana, kisha yafunge kwa uzi yasianguke. Nyungunyungu wa bustanini pia ni chambo chema. Perege naye, alaye ukoga na majani, hukubali hata tonge dogo la ugali uliokandwa vizuri. Lakini twawaonya wanafunzi jambo moja. Mto Msimbazi, utokao milima ya Pugu na kuingia baharini penye Daraja la Selander, hupokea taka za mji na maji machafu ya viwanda. Msivue kitoweo humo.

Labda mtauliza, tutajuaje chambo cha mahali tusipopajua? Jawabu limo ndani ya samaki mwenyewe. Mkipata samaki wa kwanza, mpasueni tumbo na kutazama alichokula. Huko Kenya, katika Ziwa Naivasha, aliletwa katika miaka ya 1920 samaki wa Kimarekani aitwaye besi, ambaye kwa kinywa kipana na tabia ya kuvizia amefanana na chewa wetu. Mwaka 1970 wakatiwa ziwani humo kamba wekundu wa maji matamu, nao pia asili yao ni Marekani. Baadaye wataalamu walipopasua matumbo ya besi wakubwa, wakakuta kamba hao ndio chakula chao kikubwa. Samaki alikuwa amebadili chakula, na mvuvi aliyeshika chambo cha zamani tu angalijiuliza bure kwa nini mshipi wake hautikisiki.

Mambo haya yana uzito kuliko kitoweo cha siku moja. Mwaka 2015 wataalamu walisafiri kwa chombo katika pwani ya Tanzania, wakisikiliza chini ya maji milipuko ya baruti ya kuvulia samaki. Na mingi zaidi ilisikika karibu na Dar es Salaam. Sheria yaikataza baruti, nayo ina haki, maana huua wakubwa na wachanga pamoja, na kuvunja matumbawe ambayo hayarudi kwa miaka mingi. Kijana ashikaye baruti husema kuwa mshipi hauna faida. Pengine hakufundishwa kuutumia. Mshipi wenye chambo kifaacho humpa mvuvi samaki wake, na mwamba ukabaki mzima kwa ajili ya mwanawe.

Basi wanafunzi, wekeni daftari. Andikeni aina ya samaki, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, chambo mlichotumia, na kilichoonekana tumboni. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na elimu isiyouzwa sokoni. Na ninyi wazee wavuvi, mnaojua mengi kuliko sisi walimu, waelezeni watoto hayo mliyoyaona, yasipotee. Kwaherini.