Upele: kutibu mtoto mmoja hakutoshi

Katika nyumba nyingi za Kivu, ambako watoto hulala kitanda kimoja, upele hupona kisha hurudi. Mara nyingi hutibiwa yule anayejikuna peke yake. Kumbe mdudu wake, anayechimba ndani ya ngozi na kutaga mayai, anaweza kukaa kwa mtu wiki 4 hadi 6 bila kumwasha, naye tayari anaambukiza wengine. Si uchafu, hata anayeoga kila siku huupata. Muuguzi akitoa permetrini, nyumba nzima ijipake usiku mmoja, shingoni hadi nyayo, na kurudia baada ya wiki 1. Nguo na mablanketi vifuliwe kwa maji moto, au vifungwe ndani ya plastiki siku 3. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki 2 hata kama dawa imefanya kazi.