Wafokaji na Mwimbaji wa Kimasai

Hapa Kigera tukisikia "jazi" tunakumbuka Mara Jazz na magitaa yake. Jazi ya Marekani ni nyingine. Mpigaji husikiliza wenzake, akabuni sauti papo hapo. Mwaka 1993 Guru, mwimbaji wa kufokafoka, aliwaita wapiga jazi wa siku nyingi, kama Donald Byrd wa tarumbeta. Wakatoa albamu, yaani mkusanyo wa nyimbo.

Kwetu Tanzania, vijana wa X Plastaz wa Arusha walifoka kwa Kiswahili. Nao wakamwita Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimasai. Albamu yao, "Maasai Hip Hop", ilitoka Ujerumani mwaka 2004. Yamat hakujifanya kijana wa mjini. Aliimba Kimasai chake, vijana wakaingia na maneno yao.

Hapo ndipo penye kazi, jamani. Ukimfanya mzee pambo la wimbo tu, hujashirikiana naye. Hapa Mara tunao wapiga ritungu. Kijana akija na simu kuwarekodi, tumwulize kwanza: jina la mzee litaandikwa wapi? Na fedha zikipatikana, atapata ngapi?