Kiti Kitiicho Kidole

Mtu asukumaye kiti chake cha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe ana mwalimu asiyemwacha hata nukta moja, naye ni uchovu. Mwinuko ukiwa mkali mno, mabega humwambia. Mchanga ukiwa mwingi, viganja humwambia. Na asipovisikiliza, pumzi humkatalia, akasimama papo hapo kabla mambo hayajaharibika. Aliyepata kiti cha umeme ameokolewa na dhiki hiyo, na faraja yake ni kubwa, wala hapana mwenye insafu awezaye kuidharau; walakini ilipoondoka dhiki, mwalimu naye aliondoka. Sasa kidole kimoja juu ya fimbo fupi huamuru mashine ambayo pamoja na betri zake aghalabu hupita kilo 100, na mashine hiyo hutii amri njema na amri mbaya kwa utiifu ule ule. Punda wa Lamu akifika ukingoni mwa shimo husita, hata achapwe; kiti hakisiti. Kazi ya kuonya, ambayo zamani ilikuwa ya mwili, imehamia katika macho na akili ya mpandaji, na hadhari zote za kiti hiki zina asili yake hapo.

Viti hivi havikubuniwa kwa anasa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kanada ilikuwa na askari ambao mikono na miguu yao ilikuwa imepooza, hata kiti cha kusukuma hakikuwafaa kitu. Ndipo mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, pamoja na wenziwe, alipowaundia kiti kiendacho kwa betri. Mwaka 1955 mfano wake ulikabidhiwa Marekani, na mwaka uliofuata kampuni ya Everest & Jennings ikaanza kuviuza kwa wingi. Sura zake zimebadilika sana tangu siku zile, lakini mtindo ulioenea leo ni mwepesi kuufahamu: betri mbili za volti 12 huunganishwa zikawa volti 24, na kila gurudumu kubwa huwa na mota yake. Usukani hakuna. Kiti kikigeuka kushoto ni kwa kuwa mota ya kulia imezunguka zaidi kuliko mwenziwe. Na fimbo ikiachiwa, mwendo hupungua, kisha breki za sumaku hukamata zenyewe. Basi jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kiti hiki hana budi kulitia moyoni ni kwamba kusimama huja kwa kuulegeza mkono, na hili ni kinyume cha silika, maana binadamu aliyeshtuka hukaza. Afadhali somo hili alipate katika uwanja mpana usio na watu, kama wa shule siku ya mapumziko, swichi ya mwendo ikiwa imewekwa pa chini kabisa, kuliko alipate sokoni.

Ndani ya nyumba mwendo ni mdogo, na watu hudhani kuwa hatari nayo ni ndogo. Tazama nyumba ya kale ya pwani, iwe ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Mji wa Kale wa Mombasa: mlango wake wa nakshi una kizingiti cha kuvukwa kwa kunyanyua mguu, na mbele yake pengine pana vidato viwili vitatu vya mawe. Kila kiti kina kikomo cha kimo kiwezacho kukwea, kimeandikwa katika kitabu chake, na kwa vingi ni sentimita chache tu. Tuseme kizingiti ni cha sentimita 5 na kitabu kinaruhusu. Mpandaji hukisimamisha kiti umbali wa hatua moja, akakinyoosha mpaka magurudumu mawili ya mbele yakielekee kizingiti kwa pamoja, kisha akaisukuma fimbo kwa mkono usiosita, wala asiipinde hata kidogo mpaka magurudumu ya nyuma nayo yamekwisha kuvuka. Akikikabili kizingiti upande upande, gurudumu moja hupanda na la pili likabaki chini, fremu ikainama, na uzito wote wa mtu ukahamia kule kulikoinama; hapo ndipo viti hupinduka, kwa mwendo ulio polepole kuliko wa mtu atembeaye. Kizingiti kikizidi kikomo, dawa yake ni mteremko wa mbao au saruji, na kipimo kitumikacho katika nchi nyingi ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 10 hudai mteremko wa sentimita 120, tena pande zote mbili ikiwa sakafu ya ndani iko chini sawasawa na ya nje. Mafundi wengi huukata mteremko huo nusu ili kuokoa saruji, na kwa kufanya hivyo huwa wamejenga mtego.

Lakini kama ningeambiwa nichague hadhari moja tu ya nyumbani nikaziacha nyingine zote, ningechagua swichi ya kuzimia kiti. Kiti kilichotulia huku taa zake zinawaka kinangoja amri, wala hakimbagui mtoaji wake. Mpandaji asogeapo mezani kula, ubao wa meza huweza kuigusa fimbo na kuisukuma. Kiti hutii, huisukuma meza, na kadiri kinavyoisukuma ndivyo fimbo inavyozidi kubanwa, na mapaja ya mtu yako katikati. Mkono wa kanzu hunasa, pindo la leso huiangukia, na mjukuu ajaye kumwamkia bibi yake hukishika kile kifundo cheusi kwa udadisi. Yote haya huondoka kwa kubonyeza swichi kila kiti kinaposimama kwa muda, hata kama ni kwa kunywa kikombe kimoja cha chai. Na sharti hili huwa kali zaidi mtu ahamapo kutoka kitini kwenda kitandani au chooni: kiti kizimwe kwanza, vibao vya miguu vikunjwe juu, wala asikanyage mtu kibao akitafuta kusimama, kwa sababu uzito wake ukielemea mbele ya magurudumu, kiti chote humfuata usoni. Atazame pia vile vishikizo viwili vya kuachilia mota, vilivyowekwa ili kiti kipate kusukumwa kwa mkono kikiharibika. Vikiwa vimeachiliwa, breki hazipo kabisa, na kiti kilicho juu ya sakafu yenye mwinamo mdogo tu huondoka peke yake.

Mikeka na mazulia mepesi yasilazwe katika njia ya kiti, kwa kuwa magurudumu madogo huyakunja yakakwama, na sakafu iliyopigwa deki iachwe ikauke.

Nje, adui mkubwa ni mteremko. Kiti huupanda kwa wepesi wa kumdanganya mtu, na ule uchovu ambao ungemwonya haupo, hata akajikuta amefika mahali ambapo uzito wake umekwisha kuhamia nyuma ya magurudumu makubwa. Kila mtengenezaji hutaja nyuzi za mwinuko ambazo kiti chake hustahimili, na kwa vingi ni kati ya 6 na 10. Aupandaye aupande kwa kunyooka, ameegemea mbele, mkanda umefungwa kiunoni, wala asisimame katikati kisha akaondoka kwa pupa, maana ile pupa ndiyo inyanyuayo magurudumu ya mbele. Ashukaye aanze polepole tangu juu. Kiti chenye uwezo wa kuinuliwa au kulazwa kisiinuliwe wala kisilazwe mteremkoni. Kuna na vigurudumu viwili vya nyuma ambavyo karibu havigusi ardhi, na baadhi ya watu huving'oa kwa kuwa hukwaruza barabara mbovu. Navyo ndivyo vizuiavyo kiti kulala chali. Kadhalika mikoba ya sokoni: kilo chache za viazi na nazi zikitundikwa nyuma ya egemeo huvuta uzito kule kule usikotakiwa, na mzigo ambao tambarare haukuonekana kuwa kitu huwa sababu ya msiba kilimani. Mzigo na uwekwe mapajani au chini ya kiti. Na mchanga wa pwani una adabu yake: magurudumu yakianza kuzunguka pasipo kwenda, mpandaji aiachie fimbo, kwa sababu kila mzunguko ni kuchimba, na mota zikipata joto hujikata zenyewe, akabaki akingoja wapitao.

Pasipo na njia ya miguu, mpandaji ni mtembea kwa miguu kama wengine, na katika Tanzania na Kenya, ambako magari hushika kushoto, yeye hushika kulia, ili ayaone yamjiayo usoni. Kichwa chake hakizidi sana kimo cha boneti ya gari kubwa, kwa hivyo dereva atokaye nyuma ya lori lililoegeshwa hamwoni. Kibendera juu ya ufito mrefu, vibandiko vya kuakisi mwanga na taa usiku si mapambo. Uingereza, ambako njia za miguu ni nzuri, sheria imeweka kikomo cha maili 4 kwa saa katika njia hizo, na maili 8 kwa viti vilivyoruhusiwa kuingia barabarani. Hata hivyo, huko huko, mwanafizikia Stephen Hawking, ambaye hapana awezaye kumtuhumu upungufu wa akili, mwaka 1991 aligongwa na gari usiku alipokuwa akivuka barabara mjini Cambridge, akavunjika mkono; na mwishoni mwa mwaka 2001 alijibamiza ukutani na kiti chake, akavunjika nyonga. Alipenda mwendo wa kasi, na elimu ya ulimwengu mzima haikumpa msamaha kwa ukuta. Mvua nayo isipuuzwe, maana maji yakiingia katika kitako cha fimbo huweza kukizuia kiti au kukiendesha ovyo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini kipande cha ile nailoni ya kufunikia meza kinatosha kuifunika fimbo na mkono wenyewe.

Nguvu ya kwendea si nguvu ya kurudia. Umbali unaotajwa na watengenezaji ni wa betri mpya juu ya tambarare, nasi hatuna vyote viwili kila siku. Taa za betri zikifika nusu, mwenye busara hugeuka. Betri za risasi huharibika zikiachwa zimeisha, kwa hivyo zichajiwe kila baada ya matumizi, na panapokatika umeme mara kwa mara zichajiwe wakati upo, pasipo kungojea usiku. Zikichajiwa huweza kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto, basi chaja isiwekwe karibu na jiko la mkaa wala katika chumba kisichopitisha hewa. Na kwa kuwa viti kadha wa kadha hutufikia kama hidaya, vimekwisha kutumiwa ng'ambo, chaja ikaguliwe kabla ya kuchomekwa: ya Marekani huenda ikawa ya volti 115 tu, ilhali umeme wetu ni wa volti 230 au 240, nayo ikichomekwa mara moja hufa, na pengine huwasha moto. Kibandiko kikisema 100 mpaka 240, hapana neno.

Limebaki la wasaidizi. Wapo vijana wema ambao wakikiona kiti kimekwama ukingoni mwa barabara hukivamia wanne kwa pamoja, mmoja akashika egemeo la mkono, ambalo hung'oka, na mwingine akaigusa fimbo. Kiti hiki hakibebwi na mtu akiwa ndani yake. Aulizwe kwanza mwenyewe: "Shikamoo mama, nikusaidieje?" Yeye ndiye ajuaye pa kushika, na wakati wa kuzima.

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na vituo vya mabasi ya mwendokasi vilivyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2016 vilijengwa sakafu yake ikiwa usawa na ya basi, jambo la kusifiwa. Lakini safari ya mwenye kiti huanza mlangoni pake na kuishia katika duka, zahanati au msikiti wa mtu mwingine. Kipimo cha Marekani ni uwazi wa sentimita 81 na nusu mlangoni, na nafasi ya duara ya sentimita 152 na nusu ya kugeukia. Kwa fundi wetu, fremu ya kuacha uwazi wa sentimita 90 ni salama zaidi. Ewe msomaji unayejenga mwaka huu, mpe fundi wako vipimo hivi, pamoja na ile moja kwa kumi na mbili, kabla hajasimamisha fremu ya kwanza.