Hedhi, homoni na ibada: kwa nini mwezi haufanani na mwezi

Leo safu hii inazungumza zaidi na kinamama na mabinti, lakini kinababa nao wasipite haraka, maana mambo haya yamo ndani ya nyumba zao.

Chukua mifano mitatu. Mwanamke wa Karatu mjini amechomwa sindano ya uzazi wa mpango, anatokwa na damu kidogo kidogo wiki ya tatu sasa, na muda wote huo hajasimama kuswali. Mama wa Endulen ananyonyesha mtoto wa miezi tisa, hajaziona siku zake tangu ajifungue, naye ana yakini kwamba hawezi kushika mimba. Binti wa Mang'ola alivunja ungo mwaka jana, siku zake zinakuja mwezi huu, zinapotea miezi miwili, na nyumbani wanasema karogwa. Mambo haya matatu yanaonekana hayahusiani, lakini jibu lake ni moja: homoni.

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu ili zikaamrishe kiungo kilicho mbali. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini amri yake ni kubwa. Kwa mwanamke, amri za uzazi hutoka ngazi tatu. Ya kwanza ni sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Ya pili ni tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini yake, ambayo ukubwa wake haupiti punje ya mbaazi. Ya tatu ni ovari mbili zilizomo ndani ya nyonga, ambazo ndizo ghala la mayai.

Aliyewahi kulima vitunguu Mang'ola ataelewa haraka. Maji hutoka kwenye chemchemi, hupita mfereji mkuu, kisha huingia kwenye majaruba. Jaruba likijaa, aliye chini humpigia kelele aliye juu afunge. Ndivyo ilivyo hapa. Haipothalamasi hutoa homoni yake kwa mapigo, si mfululizo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko ni kama kila dakika 60 hadi 90. Mapigo hayo huiamsha pituitari, nayo hutoa homoni mbili zijulikanazo kwa herufi FSH na LH. Hizo hushuka hadi kwenye ovari na kukuza vijifuko vyenye mayai. Vijifuko vikikua hutoa estrojeni, na estrojeni hiyo hupanda kurudi kwenye ubongo kusema: yatosha, punguzeni.

Lakini hapa pana jambo la ajabu. Kijifuko kimoja kikishawashinda wenzake, estrojeni yake huwa nyingi, na ikikaa juu kwa muda wa siku mbili hivi, ujumbe hugeuka. Badala ya kusema fungeni, sasa inasema fungueni! Pituitari humwaga LH kwa wingi, na ndani ya saa 36 hivi tangu mmwago huo uanze, kijifuko hupasuka na yai hutoka. Yai hilo huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mume, kwa upande wake, zaweza kungoja ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano.

Wakati huo wote estrojeni imekuwa ikijenga utando wa ndani wa mji wa mimba. Kijifuko kilichopasuka hakifi mara moja. Hugeuka kuwa tezi ndogo ya rangi ya manjano na kutoa homoni nyingine, projesteroni, ambayo huulainisha utando huo na kuuweka tayari kupokea mimba. Joto la mwili nalo hupanda kidogo. Mimba isipotunga, tezi ile huishi siku 14 hivi kisha hunyauka. Projesteroni na estrojeni hushuka, mishipa midogo ya damu hubanwa, na utando humomonyoka. Hiyo ndiyo hedhi. Yale maumivu ya tumbo huletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mji wa mimba ujikaze ili utoe kilichomo.

Damu ya hedhi kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40. Ikizidi 80, mwili huanza kupungukiwa madini ya chuma, na mwanamke huingia kwenye upungufu wa damu bila kujua.

Siku 28 si sheria

Wengi wamefundishwa kuwa mzunguko ni siku 28. Huo ni wastani tu. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Nusu ya pili ndiyo haibadiliki sana. Inayorefuka na kufupika ni ile ya kwanza, kwa sababu kijifuko kinaweza kuchelewa kukomaa. Ugonjwa, safari, huzuni, njaa na kazi nzito vyote hugusa haipothalamasi. Na kwa binti aliyevunja ungo karibuni, mawasiliano kati ya ubongo na ovari hayajakaa sawa, kwa hiyo mwaka wa kwanza na hata wa pili siku zake huweza kurukaruka. Hajarogwa. Anachohitaji ni chakula, kitambaa safi kilichofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani (si kufichwa chini ya godoro kikiwa kibichi), na mtu mzima wa kumweleza. Taulo za dukani ni ghali kwa wengi. Serikali iliziondolea kodi ya VAT mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019.

Njaa tumeitaja, na tusiipite haraka. Ubongo hupima akiba ya mwili kabla ya kuruhusu mimba. Mwanamke akikonda sana, haipothalamasi hupunguza mapigo yake, yai halikomai, na hedhi hukatika. Wafugaji wa Ngorongoro wanaujua ukame, na ule wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi kaskazini mwa nchi yetu. Maziwa yakikauka na unga ukapanda bei, mama huwa wa mwisho kula, na mwili wake hufunga mlango wa uzazi kwa muda. Tusiharakishe kumwita tasa, wala mume asiharakishe kutafuta talaka. Ashibe kwanza.

Na tusidhani homoni ni habari ya wanawake peke yao. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa kandokando ya Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe na Wadatoga. Akina baba wa Kihadzabe, ambao hukaa sana na watoto wao wachanga, walikutwa na homoni ya kiume, testosteroni, pungufu kuliko wanaume wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao baba hawi karibu sana na mtoto mchanga, tofauti hiyo haikuonekana.

Mama anayenyonyesha

Mtoto akinyonya, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo prolaktini kwa ajili ya maziwa, na kunyonya huko huko huzuia yale mapigo ya haipothalamasi. Ndiyo maana mama anayenyonyesha mchana na usiku hukaa muda bila hedhi. Mwanamke wa Kihadzabe hunyonyesha kwa miaka miwili na zaidi, na watoto wake hupishana kwa miaka mitatu hivi. Waislamu nao tunafahamu kwamba Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha.

Sasa kosa liko hapa. Kinga hii ni ya kutegemewa kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, anapewa maziwa ya mama tu bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Yakitimia, kinga hufikia asilimia 98. Likivunjika moja, haitegemewi tena. Tena kumbuka kwamba yai hutangulia, damu hufuata. Kwa hiyo yule mama wa Endulen mwenye mtoto wa miezi tisa anayekula uji anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone moja la damu.

Sindano, damu na swala

Sindano ya miezi mitatu ina homoni inayofanana na projesteroni. Huinyamazisha pituitari ili yai lisitoke, na huufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba na dhaifu. Utando huo dhaifu huvuja hapa na pale, hasa miezi ya mwanzo, ndiyo maana damu huja kidogo kidogo bila mpango. Baadaye wengi hukosa hedhi kabisa. Kuna maneno mitaani kuwa damu hiyo "inajaa tumboni". Haijai, kwa sababu utando haukujengwa. Hakuna cha kumwagika.

Kuhusu swala, Fatima binti Abi Hubaysh (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya damu isiyokatika, akajibiwa kuwa hiyo ni damu ya mshipa, wala si hedhi, aache swala kwa siku zake alizozizoea, kisha ajisafishe na aswali. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hedhi haizidi siku 15, na tohara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Hivyo yule dada wa wiki ya tatu amekwishaingia kwenye istihadha. Ataoga, atajisafisha, atajifunga vizuri, atatawadha kila wakati wa swala ya faradhi unapoingia, na ataswali. Ipi katika siku zilizopita ilikuwa hedhi na ipi anailipa, hilo ampelekee sheikh akiwa na hesabu yake. Kwa hiyo, dada yangu, andika tarehe. Kalenda ya ukutani yatosha.

Wapo wanaomeza vidonge vya norethisteroni ili wasipate hedhi katika Ramadhani au Hija. Vidonge hivi huendeleza kazi ya projesteroni ili utando usimomonyoke; ukiviacha, damu huja baada ya siku mbili tatu. Vianzwe siku chache kabla ya hedhi, kwa maelekezo ya daktari, na asivitumie aliyewahi kuganda damu mguuni au mwenye ugonjwa wa ini. Kwa Ramadhani sioni haja. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa wao waliamrishwa kulipa saumu na hawakuamrishwa kulipa swala. Kwa Hija jambo ni zito zaidi, maana tawafu humngoja mwenye tohara na ndege haimngoji mtu.

Usikae nyumbani ukisingizia homoni ikiwa unabadilisha kitambaa kila saa, ikiwa damu inazidi siku saba kila mwezi na unaona kizunguzungu, ikiwa miezi mitatu imepita bila hedhi na huna mimba, hunyonyeshi wala hutumii dawa, au ikiwa unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Na wewe bibi uliyekoma hedhi, ukapita mwaka mzima, kisha damu ikarudi: usifurahi kuwa ujana umerejea. Yaweza kuwa saratani ya mji wa mimba au ya mlango wake. Panda gari uje hospitali Karatu wiki hiyo hiyo, usisubiri siku ya mnada.